Maziwa Hayaui Sumu

Maziwa si dawa ya sumu. Hayapunguzi makali ya mafuta ya taa tumboni, hayazuii dawa ya kunguni kuingia kwenye damu, na hayasafishi mapafu ya fundi rangi. Msomaji wa Mbagala, mama wa watoto wawili wadogo, ameuliza namna ya kupunguza kemikali nyumbani mwake: sabuni ipi aitumie, dawa ipi ya wadudu aiache, na kama vitu vya asili ni salama zaidi. Mwishoni mwa swali ametaja, kama jambo lisilo na ubishi, kwamba kopo la maziwa ya unga halikosi kabatini kwake, iwapo mtoto atakunywa kitu kibaya. Sabuni itafikiwa baadaye. Kopo hilo ndilo la kuanza nalo, kwa kuwa imani iliyo nyuma yake imewachelewesha watoto wengi kufika hospitali.

Imani hii haifi kwa sababu huonekana kufanya kazi. Mtoto hulamba sabuni ya unga au hunywa funda dogo la kitu kisicho na madhara makubwa, hupewa maziwa, na jioni anacheza. Sifa huenda kwa maziwa, ingawa mtoto huyo angepona hata bila kupewa chochote. Karakana za kupiga rangi magari na baadhi ya viwanda vyenye vumbi nazo zimeikuza, kwa kuwagawia wafanyakazi maziwa ili “yakate” vumbi na harufu ya tina. Vumbi na mvuke huingia kwenye mapafu, maziwa huingia tumboni, na viwili hivyo havikutani. Kinachomlinda fundi ni barakoa inayofaa kwa kazi hiyo na mahali penye hewa ya kutosha. Pakiti ya maziwa ni chakula tu, na humpa mwajiri nafasi ya kutonunua barakoa.

Kwa mtoto, mfano ulio wazi kuliko yote ni mafuta ya taa. Huwekwa kwenye chupa ya soda au ya maji, chupa hukaa chini karibu na jiko, na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu mwenye kiu huiona ni ileile anayoijua. Anapiga funda, linamuunguza koo, anapaliwa. Madhara huanzia hapo alipopaliwa. Mafuta ya taa ni mepesi na huteleza. Kiasi kidogo kikipita njia ya hewa husambaa kwenye mapafu na kuleta nimonia ya kemikali, lakini yaliyofika tumboni kwa kawaida hudhuru kidogo kuliko hayo. Kwa hiyo jambo kuu ni yaliyo tumboni yabaki tumboni. Maziwa hulijaza tumbo la mtoto ambaye tayari ana kichefuchefu, naye hutapika. Akitapika, mafuta hupita mlangoni mwa mapafu kwa mara ya pili, safari hii yakiwa yamechanganyika na maziwa. Ndiyo sababu hata hospitali haimwoshi tumbo mtoto aliyekunywa mafuta ya taa wala haimtapishi. Mzazi anayemtia mtoto kidole kooni anafanya kile ambacho daktari amekatazwa kukifanya.

Dawa za wadudu zina hatari yake. Nyingi zinazouzwa mitaani zikiwa zimemiminwa kwenye vichupa visivyo na lebo ni za mashambani, na baadhi zina sumu inayovuruga mawasiliano ya neva na misuli. Aliyeinywa hutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho husinyaa, huharisha, hutetemeka, kisha kifua hujaa majimaji. Huyo anahitaji sindano ya atropini na hewa ya oksijeni. Akinyweshwa maziwa huku amelegea, maziwa yenyewe yanaweza kuingia mapafuni na kumuua kabla ya sumu.

Chembe moja ya ukweli ipo. Aliyekunywa kitu kinachounguza, mathalani tindikali ya betri, dawa ya kuzibulia sinki au kostiki soda ya watengeneza sabuni, anaweza kupewa mafunda machache ya maji au maziwa, ikiwa yu macho kabisa na anameza bila shida, ili koo lisuuzike. Maji hufanya kazi hiyo vilevile. Halazimishwi, hatapishwi, na baada ya hapo hapewi kitu kingine kwa mdomo hadi aonwe na daktari.

Ndugu wa maziwa katika imani hii ni mayai mabichi, mafuta ya mawese, majivu na maji ya chumvi. La mwisho ni baya kuliko yote: chumvi nyingi kwa mtoto mdogo hupandisha sodiamu kwenye damu, huleta degedege, na imewahi kuua watu ambao sumu waliyokunywa isingewaua. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao si mkaa unaotumika hospitali. Ule wa hospitali hutengenezwa kwa namna maalumu ili unase sumu, na hata huo hautolewi kwa aliyekunywa mafuta ya taa.

Yanayofaa kufanywa ni machache. Mtoto hutolewa kilichobaki mdomoni, huvuliwa nguo zilizolowa, na ngozi huoshwa kwa maji mengi na sabuni, kwa kuwa mafuta na dawa za wadudu hupenya pia kwenye ngozi. Jicho lililoingiwa huoshwa kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa robo saa. Aliyelegea hulazwa ubavu. Chupa, lebo au vidonge vilivyobaki huchukuliwa pamoja naye, saa ya tukio hukumbukwa, na safari ya hospitali huanza.

Safari hiyo haingoji baba arudi kutoka kazini, haingoji ushauri wa jirani, na haipitii duka la dawa kununua kidonge cha kuzuia kutapika. Wazazi wengi husubiri kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Kuonekana mzima hakuthibitishi kitu. Aliyekunywa mafuta ya taa anaweza kuanza kuhema haraka saa kadhaa baadaye, na ndiyo maana huangaliwa kituoni kwa saa zisizopungua 6 hata kama anacheka. Vidonge vyekundu vya madini ya chuma anavyopewa mama mjamzito kliniki, ambavyo mtoto huviona kama peremende, humtapisha, kisha humpa nafuu ya uongo ya saa nyingi kabla hali haijaharibika. Parasetamo iliyozidi huacha siku nzima ipite kimya huku ini likiharibika, na dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Anayekuja asubuhi ya pili akieleza kwamba “tulimpa maziwa, tukaona katulia” ameshapoteza saa zilizokuwa na tiba. Wapo pia wanaochelewa kwa kuogopa lawama za muuguzi. Lawama hupita, mtoto asipelekwe kesho kwa sababu yake.

Sasa nyumba yenyewe. Hatua kubwa kuliko zote haihusu sabuni: ni kuondoa mafuta ya taa, yaani kibatari kibadilishwe kwa taa ya sola au umeme, na jiko la mchina kwa gesi pale kipato kinaporuhusu. Yakibaki, yakae kwenye dumu lake lenye kifuniko kinachobana, juu, ndani ya kabati lenye komeo, na yasiingie kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Jiko la mkaa halilali ndani na watu, hata moshi ukiwa umekwisha; makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kwa usafi wa kila siku, maji na sabuni ya kawaida hutosha. Jiki itumike peke yake, imezimuliwa, dirisha likiwa wazi. Haichanganywi na dawa ya choo yenye tindikali, na haichanganywi na siki wala ndimu, mchanganyiko unaopendwa na wanaotafuta usafi wa asili, kwani hutoa gesi ya klorini. Kwa mbu, chandarua chenye dawa hushinda kufukiza chumba kila usiku.

Neno “asili” lisimlaze mtu. Mafuta ya mwarobaini yamewaua watoto wachanga waliopewa kwa mdomo. Mbegu za mnyonyo, ua zuri la uani, zina sumu kali. Udongo wanaokula wajawazito unatoka ardhini moja kwa moja, na baadhi umekutwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Na vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyowekwa kabatini kufukuza nondo visikae na nguo za mtoto mchanga: kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyozoeleka katika maeneo ya malaria, huvunja chembe nyekundu za damu na kuleta manjano makali. Mtoto mchanga mwenye macho ya njano haanikwi juani kwa siku tatu kuona kama itatoka. Hupelekwa siku hiyohiyo.

Dawa za wadudu zinunuliwe zenye lebo inayosomeka, kwa kiasi kinachoisha haraka, na zisimiminwe kwenye chombo kingine. Zilizobaki hazimwagwi chooni, mtaroni wala karibu na kisima. Bwana shamba au afisa afya wa kata huulizwa namna ya kuziondoa. Chupa iliyokwisha haioshwi ili iwekewe maji au asali. Hutobolewa, ili asitokee mwingine wa kuiokota na kuitumia.