Wananidai miezi yote iliyobaki

Swali: Nina duka la vipuri Mwanza. Nimesitisha mkataba wa laini za ofisi kabla ya muda kwa sababu mtandao ulikatika kila mara. Kampuni inanidai miezi yote iliyobaki. Nilipe?

Jibu: Usilipe kabla hawajakuonyesha hesabu. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa kwenye mkataba. Hakimpi kiasi chote moja kwa moja. Laini zikifungwa, gharama za kukuhudumia hupungua, na hilo lazima lionekane kwenye dai. Na kama wao ndio walioshindwa kutoa huduma, hoja yako ni nzito zaidi: kusanya tarehe za mtandao kukatika na ujumbe uliowatumia. Peleka malalamiko kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wasipokusikiliza, nenda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Bili usizozipinga, zilipe.