Kutoweka kwa Rangi na Kuvunjwa kwa Rangi: Tatizo la Istilahi katika Usafishaji wa Majitaka

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza istilahi za Kiswahili zinazohitajika katika kueleza usafishaji wa majitaka yenye rangi kwa vichocheo vinavyotumia mwanga. Taaluma hiyo ilipata msukumo mkubwa mwaka 1972, Fujishima na Honda wa Japani walipoonyesha kwamba dioksidi ya titani ikimulikwa huweza kuyatenganisha maji. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi isiyopambanua kutoweka kwa rangi na kuvunjwa kwa kemikali yake yaweza kumdhuru mtumiaji.

2.0 Dhana yenyewe

Chembe za dioksidi ya titani zipigwapo na mionzi ya urujuanimno, elektroni zake huhama na kuacha matundu. Elektroni na matundu hayo, vikikutana na oksijeni na maji, huzaa radikali zinazoshambulia molekuli za rangi. Chembe zenyewe haziishi, ndiyo maana huitwa kichocheo. Udogo nao una faida: mchemraba wenye ubavu wa sentimita 1 una eneo la sentimita za mraba 6, ukigawanywa katika michemraba yenye ubavu wa nanomita 10, jumla ya eneo hufikia mita za mraba 600.

3.0 Uchambuzi wa istilahi

3.1 Kirai “kichocheo cha nuru” kina utata. Chaweza kumaanisha kichocheo kinachoendeshwa na nuru, au kinachoichochea nuru yenyewe. Kiswahili tayari kina “usanisinuru”, neno lililoundwa kwa kuambatanisha. Kwa kufuata kanuni hiyo hiyo, “kichocheonuru” lafaa zaidi.

3.2 Neno “rangi” hubeba dhana mbili: kinachoonwa na jicho, na kemikali inayotiwa. Aidha, vitenzi vinavyozoeleka havitoshelezi. “Kuchuja” ni kutenga tu. “Kuchujuka” na “kupauka” hueleza mwonekano. Bluu ya methilini, ambayo hutumiwa mara nyingi katika majaribio haya, hupoteza rangi ikipokea elektroni, na huirudia ikikutana na oksijeni. Kwa hiyo maji meupe si ushahidi kwamba kemikali imekwisha. Yapasa kutenga “uondoaji rangi” na “uvunjaji kamili”, yaani kuigeuza kemikali kuwa dioksidi ya kaboni, maji na ioni sahili.

4.0 Mfano wa Mtinko

Chukulia msusi wa vikapu wa Mtinko, mkoani Singida, aliyechemsha nyasi katika rangi ya dukani. Jua analo, ingawa urujuanimno ni yapata asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayofika ardhini. Mkoa wake ni wa nusu ukame, na maji hayamwagwi ovyo. Akielezwa kwa Kiswahili kwamba kichocheo “kimetoa rangi”, ana haki ya kuelewa kwamba maji ni salama, naye aweza kuyanywesha mifugo. Kosa hapo si la msikilizaji, bali la istilahi.

5.0 Hitimisho

Imependekezwa kwamba “kichocheonuru”, “uondoaji rangi” na “uvunjaji kamili” zitumike kama istilahi tatu zisizobadilishana nafasi. Usanifishaji haupimwi kwa ufupi wa neno pekee. Hupimwa pia kwa uamuzi ambao neno hilo humfanya mtu aufikie.