Dondoo muhimu: Kuzisoma alama za barafu Mlima Kenya

Ukitaka kuona jinsi barafuto za kale zilivyouchonga mlima huu, pandia njia ya Chogoria. Huko Bonde la Gorges lina kuta wima na sakafu pana, na Ziwa Michaelson limekaa katika shimo lililochimbwa na barafu. Asubuhi ndiyo saa ya kulitazama bonde hilo. Mchana mawingu hufunika kila kitu.

Njia ya Naro Moru, inayoingia Bonde la Teleki, ni fupi, lakini kinamasi chake humeza buti. Matuta ya mawe na changarawe utakayoyakuta huko yalisukumwa na barafu. Usiyapande ovyo, huporomoka.

Usiharakishe kupanda. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza kwa sababu ya mwinuko, shuka siku hiyohiyo.

Barafuto ya Lewis, ambayo bado ipo mlimani, inazidi kupungua. Anayetaka kuiona asingoje.