Usiikimbie equals

Andika Integer a = 127 na Integer b = 127, kisha zilinganishe kwa ==. Java itajibu true. Sasa weka 128 pande zote mbili: jibu ni false. Alama ya == ikikutana na objekti haijali zimebeba nini; inachotaka kujua ni kama ni objekti ileile moja kwenye kumbukumbu. Java huziweka tayari Integer za -128 hadi 127 na kuzitumia tena na tena, ndiyo maana 127 inapita. Hitilafu hii ni ya hila: wakati wa majaribio namba huwa ndogo, mambo yanaharibika mfumo ukishaanza kutumika.

Kwa int, long, char na boolean, tumia ==. Kwa enum pia, kwani kila thamani yake ina objekti moja tu. Objekti nyingine, anza na equals. Palipo na hatari ya null, andika Objects.equals(a, b), iliyopo tangu Java 7.

Wapo wanaoikwepa equals ya String wakidai ni nzito. Hofu tupu. Kwanza huangalia kama pande mbili ni objekti ileile. Zikiwa hivyo, kazi imeisha. La sivyo, hutazama urefu. "Tanga" na "Dodoma" huachana hapo hapo, hakuna herufi iliyosomwa. "Mwanza" na "Dodoma" zina herufi 6 kila moja, basi ndipo herufi zinapopambanishwa, na tofauti iko mwanzoni kabisa. Kuita intern() ili tu uweze kutumia == ni kujiongezea kazi, maana kila mwito unaitafuta String hiyo kwenye jedwali la String zilizohifadhiwa.

Ukitaka kasi, angalia ni mara ngapi unalinganisha. Kuita contains kwenye ArrayList yenye majina 100,000 kunaweza kuita equals mara 100,000 kwa swali moja. Yahamishie kwenye HashSet: hashCode huelekeza moja kwa moja kwenye kifungu kidogo, equals ikaitwa mara chache tu. Klasi ni yako mwenyewe? Ukiandika equals, andika na hashCode, ama sivyo HashSet itakuambia kitu hakimo na kimo.

Kwenye fedha, tahadhari: BigDecimal ya "2.0" na ya "2.00" hazilingani kwa equals, kwa sababu inahesabu na tarakimu za baada ya nukta. Hapo tumia compareTo, uone kama jibu ni 0.