KUCHAJI GARI LA STIMA: UFANYE NINI KITUO KIKIKATAA?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Somo la leo linahusu kuuliza. Tutajifunza kuliuliza gari la stima, pamoja na kituo chake cha kuchajia, ni nani kati yao mwenye kasoro.

Huenda ukasema, "Kwetu hata baiskeli hatuna, gari la stima lanihusu nini?" Ngoja nikueleze. Siku hizi mabasi na pikipiki za stima ziko barabarani humu nchini. Mwaka wa 2023 Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, iliweka bei maalum ya stima ya kuchajia magari, na bei hiyo huwa nafuu zaidi saa za usiku. Isitoshe, sehemu kubwa ya stima yetu hutoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, kwa maji ya Mto Tana na kwa upepo wa karibu na Ziwa Turkana. Miongoni mwetu basi wapo watakaokuwa madereva, mafundi na wenye magari hayo. Haitafaa tusimame kituoni tukishika tama.

Jambo la kushika ni hili: gari likikataa kuchaji, usikimbilie kusema betri imekufa. Anzia nje uingie ndani, na ubadilishe kitu kimoja tu kila mara, kama tunavyofanya kwenye majaribio ya Fizikia.

1. HODI NA KARIBU

Ukichomeka pasi, stima hupita mara moja bila kuuliza neno. Gari la stima si hivyo. Ni kama nyumba ya watu wenye adabu: mgeni hubisha hodi, mwenyeji huitika, ndipo mlango hufunguliwa.

Katika plagi ya gari, pamoja na pini nene za kupitisha stima, mna pini mbili nyembamba za mazungumzo. Kituo hutuma volti 12 katika mojawapo. Hiyo ndiyo "Hodi!" Plagi ikiingia garini, volti hizo hushuka hadi 9, maana yake, "Yupo mtu." Gari likijikagua na kujiona tayari, huzishusha hadi 6, yaani, "Karibu ndani." Hapo utasikia "tak!" Ni swichi kubwa imejifunga, na stima sasa yaanza kupita. Kituo pia hulieleza gari linaruhusiwa kuvuta ampia ngapi. Pini ya pili huonyesha kama plagi imekaa sawasawa, na kebo yenyewe yaweza kubeba ampia ngapi.

Sasa, kuna kuchaji kwa aina mbili. Katika aina ya kwanza, kituo hulipa gari mkondo geu, stima ile ile ya nyumbani, na gari lenyewe huigeuza iwe mkondo mnyoofu unaofaa betri. Hii ni ya polepole. Katika aina ya pili, kituo ndicho hugeuza na kuupeleka mkondo moja kwa moja kwenye betri. Hii ni ya haraka, na mazungumzo yake ni marefu zaidi, kwa sababu kituo hupima kwanza kama kuna stima inayovuja kabla ya kuruhusu chochote kipite.

Tena plagi si moja. Kwa kuchaji kwa haraka, Wajapani walibuni CHAdeMO, Ulaya hutumia CCS2, na Uchina ina yake iitwayo GB/T. (Jina CHAdeMO limekaribiana na maneno ya Kijapani ya kumkaribisha mtu chai!) Kwa kuwa Kenya huingiza magari kutoka pande hizo zote, dereva aweza kufika kituoni akute stima ipo, pesa anazo, lakini plagi haiingii. Nissan Leaf iliyotumika Japani, kwa mfano, haiwezi kuchomekwa plagi ya CCS2. Hiyo si hitilafu. Ni wageni wawili wasiosikilizana lugha. Dawa yake ni kuulizia aina ya plagi kabla ya kufunga safari.

2. NGAZI YA UKAGUZI

Kituo kikikataa, panda ngazi hii hatua kwa hatua. Usiruke hata moja.

(a) Stima ipo? Kama kioo cha kituo ni cheusi na maduka ya jirani nayo yamo gizani, stima imepotea. Ikirudi, vituo vingine haviendelei vyenyewe. Sharti uanze upya.

(b) Kitufe chekundu cha dharura kimebonyezwa? Mtoto au mpita njia aweza kukibonyeza, na kituo kizima kikazimika. Usikirudishe mwenyewe, kwa maana hujui aliyekibonyeza aliona nini. Piga simu nambari iliyoandikwa kituoni.

(c) Malipo yamekubaliwa? Vituo vingine hutaka uchomeke kwanza ndipo ulipe, vingine hutaka ulipe kwanza. Ukikawia, ombi lako hufutwa. Soma maagizo pale pale kituoni, hata kama jana ulichaji kwingine.

(d) Plagi imeingia hadi mwisho? Isukume mpaka usikie imeshika. Kebo za kuchaji kwa haraka ni nzito, na uzito huo huivuta plagi ikainama. Iinue kwa mkono mpaka ijifunge. Tazama pia kama kuna matope, maji au pini iliyopinda.

(e) Gari limewekewa saa? Magari mengi huweza kuamriwa yasichaji mpaka saa fulani ya usiku, stima ikiwa rahisi. Mwenye gari husahau amri yake mwenyewe, kisha hukilaumu kituo.

(f) Anza upya. Simamisha, chomoa, funga gari kwa ufunguo, ngoja dakika moja au mbili, kisha rudia. Usishangae dawa hii ndogo ikiponya. Mazungumzo yaliyokatika katikati huhitaji kuanza tena na hodi.

(g) Badilisha plagi au kituo. Hapa ndipo hukumu ilipo. Gari lingine likichaji kwenye plagi ile ile iliyolikataa lako, tafuta kasoro kwako. Lako likichaji vyema kwingine, kasoro ni ya kituo. Basi andika nambari ya kituo na maneno yaliyotokea kwenye kioo, kisha upige simu. Anayepokea simu hawezi kukusaidia ukimwambia tu, "Imekataa."

3. MFANO WA KWELI

Mjomba wangu huendesha teksi ya stima aliyoinunua kwa mkopo. Teksi hiyo hulipa mkopo wake, na baadhi ya karo yangu. Mwaka jana ilianza kukataa kuchaji. Fundi mmoja aliitazama kwa dakika tano tu, akasema, "Betri kubwa imekufa. Nunua nyingine." Bei aliyotaja ilikaribia nusu ya bei ya gari. Mjomba akaanza kutafuta mtu wa kuliuza kwake, na mama akaanza kuniambia habari za kutafuta shule ya karo ya chini.

Jioni moja mjomba alipokuja kwetu, tuliketi tukaandika kwenye daftari langu yote yaliyotokea. Kituo cha kwanza: limekataa. Kituo cha pili, kwa kebo nyingine: limekataa. Gari la jirani kwenye plagi ile ile: limechaji. Basi kituo si mkosa, kebo si mkosa. Tatizo limo garini.

Lakini je, ni betri kubwa? Nilimwuliza, "Mjomba, umekuja hapa na nini?" Akasema, "Na gari lenyewe, liko asilimia 35." Betri iliyokufa humfikishaje mtu nyumbani? Kisha akakumbuka kwamba asubuhi milango ilikuwa ikifunguka kwa uvivu na taa za ndani zilififia.

Gari la stima, ndugu msomaji, lina betri mbili. Ile kubwa huzungusha magurudumu. Ndogo, ya volti 12 kama ya magari ya petroli, huendesha taa, milango na kompyuta za gari. Kompyuta hizo ndizo huitikia hodi ya kituo. Kesho yake fundi mwingine alipima ile ndogo akakuta volti 10.8, ilhali nzima ikitulia huwa karibu 12.6. Hodi ilikuwa ikibishwa, lakini bawabu alikuwa amelala! Betri ndogo mpya iligharimu chini ya shilingi 15,000. Jioni hiyo "tak!" ikasikika, na teksi ingali kazini hadi leo.

4. LINACHAJI, LAKINI POLEPOLE

Hapa ugomvi ni mwingi, maana dereva husoma "kilowati 22" kituoni akadhani atapata zote. Kanuni ni hii: tafuta uwezo wa kituo, wa kebo na wa gari, kisha uchukue ulio mdogo kuliko yote.

Mfano. Gari lina betri ya kilowati-saa 40, nayo iko asilimia 20. Dereva ataka asilimia 80. Anahitaji asilimia 60 ya 40, yaani kilowati-saa 24. (Kilowati-saa moja ndiyo ile uniti moja tunayonunua kwa tokeni.) Kigeuzi kilichomo garini hupokea kilowati 6.6 tu. Basi 24 ukigawa kwa 6.6 ni saa 3 na dakika 38 hivi, bila kuhesabu inayopotea kama joto. Hata kituo kiwe cha kilowati 22, muda ni ule ule. Mtungi wenye mdomo mwembamba haujai upesi kwa sababu mto ni mkubwa.

Katika kuchaji kwa haraka, spidi hupungua betri ikipita asilimia 80 hivi. Fikiria matatu: abiria wa kwanza huketi mara moja, wa mwisho husukumana wakitafuta nafasi. Gari ndilo hupunguza kwa makusudi, ili betri isiumie. Betri iliyopata joto jingi, au iliyo baridi sana, nayo hupokea polepole. Tena vituo vingine hugawa nguvu kwa magari mawili yaliyochomekwa pamoja. Kama wenzako wapo foleni, ondoka ukifika 80. Utafaidi wewe, nao watafaidi.

5. KEBO IMEGOMA KUTOKA

Plagi hufungwa kwa komeo wakati wa kuchaji ili mtu asiichomoe stima ikipita. Kwanza simamisha kuchaji kwa njia uliyoanzia. Pili, fungua milango ya gari kwa ufunguo, hata kama iko wazi. Tatu, isukume plagi ndani kidogo ili komeo lilegee, kisha uivute ikiwa imenyooka. Ikikataa, soma kitabu cha gari, kwani mengine yana kamba ya kufungulia kwa mkono. Nguvu za punda hapa huvunja komeo, na komeo likivunjika gari halitachaji popote.

6. MIIKO

Usiguse nyaya nene za rangi ya chungwa. Zina mamia ya volti. Usitumie adapta ya kujiundia wala kebo ya kuongezea ya nyumbani. Usichomeke plagi iliyopasuka. Ukisikia harufu ya kuungua, simamisha kuchaji, usogee mbali, kisha upige simu. Ngazi yetu ni ya kutafuta kasoro. Kufungua vifuniko na kutengeneza ni kazi ya fundi aliyesomea.

MSAMIATI

Mkondo geu: stima inayobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, kama ya nyumbani.
Mkondo mnyoofu: stima inayokwenda upande mmoja tu, kama ya betri.
Kigeuzi: kifaa kinachobadili mkondo geu uwe mnyoofu.
Komeo: kitu cha kufungia kisitoke au kisifunguke.

ZOEZI

1. Gari la Amina limekataa kwenye plagi A, likachaji vyema kwenye plagi B ya kituo hicho hicho. Kasoro iko wapi? Toa sababu.
2. Kituo ni cha kilowati 22, kebo yaweza kubeba 7, na kigeuzi cha gari ni cha 3.3. Gari litapokea kilowati ngapi? Litahitaji saa ngapi kupata kilowati-saa 16.5?
3. Eleza kwa nini betri ndogo ya volti 12 yaweza kuzuia betri kubwa isichajiwe.
4. Andika mazungumzo ya simu kati ya dereva aliyekwama na mhudumu wa kituo. Hakikisha dereva ametaja mambo yote ambayo mhudumu anahitaji kujua.

Majibu yaletwe kwenye kikao cha chama. Atakayejibu la tatu vizuri, mjomba ameahidi kumpa lifti.