Faili likigoma kuhifadhiwa: tafuta ufunguo, usivunje mlango

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Siku hizi daftari la wafanyabiashara wengi limo ndani ya kompyuta mpakato: mauzo ya siku, orodha ya wadaiwa, bei za kununulia na, kwa wenye hisa, tarehe na bei ya kila hisa waliyoinunua. Kompyuta inapokataa kuhifadhi faili, jambo hilo humhusu mwenye duka kabla ya kumhusu fundi.

Tuchukue mfano wa mwuza nafaka wa jumla mwenye wadaiwa 14, ambao kwa pamoja wanadaiwa Sh. 3,860,000. Jioni ameingiza malipo yote ya siku, amebonyeza kuhifadhi, na kompyuta imemjibu kwamba faili halionekani. Akifunga kwa hasira, malipo ya siku nzima yatafutika, na kesho atamdai mtu aliyekwisha kumlipa. Akimwita fundi mwenye haraka, huenda fundi akazima ulinzi wote wa kompyuta. Faili litahifadhiwa, lakini duka litakuwa limeachwa wazi usiku.

Aidha, kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Hivyo basi kila mfanyabiashara anayetumia kompyuta ajue hatua zifuatazo.

OKOA HESABU KWANZA

Usifunge programu wala kuzima kompyuta. Kazi ambayo haijahifadhiwa hukaa katika kumbukumbu ya muda tu, na hufutika programu inapofungwa. Kama betri inakaribia kuisha, chomeka chaja kwanza.

Ukiwa katika Excel kwenye Windows, bonyeza kitufe cha F12. Dirisha la "Save As" litafunguka. Andika jina jipya na fupi, kwa mfano mauzo1, na ujaribu kuhifadhi katika folda ile ile. Ikikataa, chagua mahali pengine, kama vile flashi. Ikishindikana kote, chapisha kurasa za siku hiyo au zipige picha kwa simu.

Jaribio hilo ni kipimo pia. Kompyuta ikikubali jina jipya mahali pale pale, kosa lilikuwa katika jina au katika faili lenyewe. Ikikubali mahali pengine tu, kosa liko katika folda au katika ruhusa ya kuitumia folda hiyo. Sasa tuangalie kila moja.

JINA

Windows haipokei alama 9 katika jina la faili: \ / : * ? " < > |. Kwa hiyo jina kama "Mauzo 12/5/2025" litakataliwa kwa sababu ya mikwaju. Andika 2025-05-12 mauzo. Ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, mafaili yatajipanga yenyewe kwa tarehe, na hutapata taabu ya kutafuta mwisho wa mwaka.

Urefu nao una mpaka. Excel hukubali herufi 218 kwa jina la faili pamoja na majina ya folda zote zilizolibeba. Anayeweka folda ndani ya folda, na kila moja akaipa jina refu, hufika mpaka huo bila kujua.

FAILI LENYEWE

Kama kompyuta mbili za duka zinatumia faili moja, yule aliyelifungua wa pili huenda akaruhusiwa kusoma tu. Mwombe mwenzako alifunge kwanza. Usiwe na haraka ya kuhifadhi nakala yako pembeni na kuendelea nayo, maana jioni mtakuwa na madaftari mawili yasiyolingana.

Faili lililoletwa kwa barua pepe nalo hufunguka chini ya ulinzi, likiwa na utepe wa njano juu yake. Bonyeza "Enable Editing" pale tu unapomfahamu aliyelituma na ulikuwa unalitarajia. Ankara usiyoitegemea, kutoka kwa mtu usiyemjua, ifunge.

Sababu nyingine ni alama ya "Read-only". Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua "Properties", na uondoe tiki iliyopo hapo.

MAHALI

Angalia kama diski au flashi imejaa. Kadi nyingi za SD zina kiswichi kidogo ubavuni. Kikishushwa, kadi husomeka lakini haiandikiki. Usiweke hesabu zako moja kwa moja katika C wala katika folda ya "Program Files". Windows huzilinda sehemu hizo kwa ajili ya mfumo na programu zake. Hesabu zina folda yake ya "Documents".

Wanaotumia OneDrive wakumbuke kwamba nafasi ya bure ni GB 5. Ikijaa, mafaili mapya hubaki kwenye kompyuta bila nakala kupelekwa juu. Mtu anaweza kudhani ana akiba, kumbe hana.

RUHUSA YA PROGRAMU

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu kompyuta hutoa sababu isiyo ya kweli. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilianza kufunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000 za nchi zipatazo 150, na wenye mafaili wakadaiwa dola 300 ili wafunguliwe. Oktoba mwaka huo huo, Windows 10 ilipata kinga iitwayo "Controlled folder access". Kinga hiyo huzuia programu isiyojulikana isiandike katika folda kama "Documents" na "Pictures".

Kwa kawaida kinga hii huja ikiwa imezimwa, lakini fundi au mwenye kompyuta anaweza kuiwasha. Ikiwashwa, programu kubwa kama Excel huendelea kufanya kazi. Inayozuiwa mara nyingi ni programu ndogo ya hesabu za duka, iliyotengenezwa na fundi wa mjini na isiyotumiwa na watu wengi. Nayo, badala ya kusema imekosa ruhusa, huandika "File not found". Mwuza nafaka wetu atahangaika na jina la faili hadi usiku, kumbe jina halina kosa.

Kipimo chake ni rahisi. Hifadhi faili dogo la Excel katika folda ile ile. Likikubalika, folda ni nzima, na aliyezuiwa ni ile programu. Fungua "Windows Security", ingia "Virus & threat protection", kisha "Ransomware protection". Humo kuna mahali pa kuruhusu programu kupita, "Allow an app through Controlled folder access". Ruhusu programu hiyo moja tu, baada ya kuhakikisha unajua ilikotoka. Kinga yenyewe iache ikiwa imewashwa.

Kwa wenye kompyuta za Mac, tangu toleo la Catalina la mwaka 2019 programu huomba ruhusa kabla ya kugusa "Desktop", "Documents" na "Downloads". Aliyebonyeza kukataa kwa haraka anaweza kusahihisha: afungue "System Settings", kisha "Privacy & Security", kisha "Files and Folders".

MAMBO YA KUEPUKA

Kwanza, usizime kinga ya virusi ili faili moja lipite. Pili, usiwe na desturi ya kuendesha kila programu kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa kompyuta. Programu mbaya ikiingia, itakuwa na mamlaka hayo hayo. Tatu, usimkubalie fundi aseme tu "imepona". Mwulize ameruhusu programu gani, na katika folda ipi, kisha uandike.

Mwisho, weka nakala ya hesabu kila Jumamosi kwenye flashi, uitoe kwa utaratibu na kuiweka mbali na kompyuta. Flashi inayoshinda imechomekwa hufungwa na kirusi pamoja na kompyuta yenyewe. Kisha jaribu kuifungua nakala hiyo mara moja kwa mwezi, uone kama jumla ya wadaiwa inalingana na ile iliyo kwenye kompyuta.