Kasi ni Nini? Suala la Istilahi katika Upimaji wa Ujumbe baina ya Kompyuta Mteja na Seva

IKISIRI

Neno "kasi" hutumika katika Kiswahili kutaja sifa mbili tofauti za mtandao wa kompyuta: muda ambao ujumbe mmoja hutumia njiani, na kiasi cha data kinachopita kwa muda fulani. Makala haya yanaonyesha kwamba sifa hizo hazipimwi wala hazirekebishwi kwa njia moja. Yanapendekeza istilahi "ukawiaji" na "upitishaji", na kusisitiza kwamba istilahi ya kipimo haikamiliki bila fasili inayotaja mahali kipimo kinapoanzia na kinapoishia.

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umeshughulikia zaidi majina ya vitu. Kompyuta (au tarakilishi, kama wasemavyo wengi nchini Kenya), seva, tovuti na nywila ni maneno ambayo mtumiaji huyajua kwa kukutana na kinachotajwa. Istilahi za vipimo ni ngumu zaidi, kwa kuwa hutaja uhusiano baina ya idadi na muda, na uhusiano hauonekani kwa macho.

Suala hili si la kinadharia tu. Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Mkataba unaoahidi "mtandao wenye kasi" waweza kusomwa mbele ya hakimu kwa Kiswahili hichohicho. Ikiwa neno lina maana mbili, aliyeahidi huchagua ile inayomfaa.

2.0 Sifa mbili chini ya neno moja

Katika mawasiliano ya mteja na seva, kompyuta mteja hupeleka ombi; seva hulipokea, hulishughulikia na kurudisha jibu. Maswali mawili hujitokeza. Je, jibu la ombi moja huchukua muda gani? Je, ni data kiasi gani inaweza kupita kwa sekunde moja? Swali la kwanza hujibiwa kwa milisekunde, la pili kwa biti kwa sekunde.

Tofauti hiyo hudhihirika katika historia ya mawasiliano ya Afrika Mashariki. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti ya kimataifa ya Tanzania na Kenya ilitegemea setilaiti. Setilaiti inayoonekana kutulia juu ya ikweta huwa katika kimo cha kilomita 35,786. Ombi hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka. Jumla ni zaidi ya kilomita 143,000. Kwa mwendo wa mawimbi ya redio, yaani takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, safari hiyo huchukua karibu milisekunde 480. Hakuna malipo yanayoweza kuipunguza. Kwa upande mwingine, mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kebo ya kilomita 10,000 huhitaji milisekunde 100 kwenda na kurudi.

Tuchukue mteja anayepeleka maombi madogo 1,000, kila moja likisubiri jibu la lililotangulia. Kwa setilaiti kazi hiyo huchukua angalau dakika nane. Kwa kebo iliyotajwa, chini kidogo ya dakika mbili, pasipo kuhesabu muda wa seva kufanya kazi yake. Kuongeza biti kwa sekunde mara kumi hakubadilishi muda huo kwa kiasi cha maana, kwani njia haikuwa imejaa. Mteja akipeleka maombi mfululizo bila kusubiri, hapo ndipo kiasi cha data kinachopita huanza kuamua. Hivyo, kauli "kasi imeongezwa mara kumi" yaweza kuwa kweli na mtumiaji asione nafuu yoyote.

3.0 Kipimo na kinachopimwa

Programu ya ping, iliyoandikwa na Mike Muuss nchini Marekani mwezi Desemba 1983, hupeleka ujumbe mfupi na kusubiri mwangwi wake. Jina lenyewe ni tanakali sauti ya mlio wa sona. Hata hivyo, mwangwi huo kwa kawaida hurudishwa na mfumo endeshi, si na programu ya seva. Seva iliyolemewa yaweza kurudisha mwangwi upesi huku maombi halisi yakiwa foleni. Anayetaka kupima huduma hana budi kupeleka ombi la aina ileile ambayo watumiaji hupeleka.

Aidha, safari ya kwenda na kurudi hupimwa kwa saa moja, ile ya mteja. Safari ya upande mmoja huhitaji saa mbili zinazolingana. Kuigawa ya kwanza kwa mbili hakutoi ya pili kwa uhakika, kwa sababu njia ya kurudi yaweza kuwa tofauti.

Neno "wastani" nalo lahitaji tahadhari. Iwapo majibu 99 yanachukua milisekunde 20 kila moja na jibu moja linachukua 2,000, wastani ni 39.8. Hakuna ujumbe hata mmoja uliochukua muda huo. Ripoti nzuri hutaja thamani ya katikati na ile ya juu pia.

4.0 Funzo la mwaka 1991

Wahandisi wa intaneti walikabili utata kama huu. Julai 1991 walitoa waraka wa RFC 1242, unaohusu istilahi za upimaji wa vifaa vya kuunganisha mitandao. Waraka wa mbinu za upimaji, RFC 1944, ulifuata mwaka 1996. Istilahi zilitangulia mbinu.

Muundo wa waraka wa kwanza ni wa kuzingatiwa na wanaleksikografia. Kila istilahi hupewa fasili, maelezo, vizio, masuala yenye utata na marejeo mtambuko. Upitishaji, kwa mfano, hufasiliwa kuwa kiwango cha juu kabisa ambacho kifaa hukimudu bila kupoteza fremu hata moja. Ukawiaji hupewa fasili mbili, kulingana na iwapo kifaa hupokea fremu nzima kabla ya kuipeleka mbele. Orodha zinazotoa kisawe pekee haziwezi kubeba taarifa hizi.

5.0 Mapendekezo

"Ukawiaji" unafaa kuliko "uchelewaji". Kuchelewa hudokeza saa iliyopangwa na kupitwa. Kukawia hutaja kutumia muda tu. Methali "kawia ufike" huonyesha kuwa anayekawia bado hufika, jambo linalotenga ukawiaji na upotevu wa ujumbe. "Upitishaji" nao hunyambulika kwa urahisi: kupitisha, kipitishi, kupitishika. Istilahi "kipimo data", inayoonekana katika programu kadhaa zilizotafsiriwa, haielezi ni kipimo cha nini. Pale inapotumika, ibaki kwa uwezo wa njia, si kwa matokeo ya jaribio. "Kasi" iachiwe mazungumzo ya kawaida.

6.0 Hitimisho

Lugha haihitaji maneno mengi kuzungumzia mtandao, bali huhitaji maneno mawili pale ambapo mambo ni mawili. Kisawe bila fasili humwachia mpimaji na mwenye mkataba uhuru wa kuchagua maana baada ya matokeo kujulikana.